Maua ya Upande wa Kushoto

Ua la kwanza lilifunguka saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, na Dakta Leokadia Ndunguru, mama mtu mzima wa miaka hamsini na minane, mwenye shahada tatu na heshima zake zote mjini Mbinga, akatoka mbio kwenye banda la vioo akiwa na kiatu kimoja. Kingine kilinasa kwenye tope la mlangoni. Hakurudi kukichukua.

"Limefunguka," alisema alipofika ofisini. "Gaudensia, njoo uhesabu wewe. Mimi macho yangu siyaamini."

Gaudensia Hyera, mkuu wa mradi wa kuirudisha kahawa, alikuwa anapiga mswaki kwenye sinki. Alikuja hivyo hivyo na povu lake mdomoni. Wakainama wote wawili juu ya mti mmoja uliopandwa kwenye ndoo, kimo chake kama cha mtoto wa chekechea, majani yake nusu kijani nusu njano. Kwenye tawi la chini, kati ya vitumba vilivyokuwa bado vimejifunga, lilikaa ua jeupe dogo kuliko kifungo cha koti.

Gaudensia alihesabu kwa ncha ya mswaki bila kuligusa. Alipomaliza alimeza povu la dawa ya meno pasipo kujua.

"Saba," alisema. "Leokadia, ni petali saba."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara mbili, mwenzangu. Ni saba."

Kahawa waliyoijua watu wote, ile ambayo sasa ilibaki kwenye picha za vitabu vya shule, ilikuwa na petali tano. Yenye petali saba ilikuwa imeonekana mara moja tu, na haikuonekana shambani. Ilionekana ndani ya kichwa cha Leokadia miaka mitatu iliyopita, siku alipojivisha mwenyewe mashine aliyoibuni na kuiruhusu isome kumbukumbu yake ya utotoni: kilima chenye vichwa viwili, jua usoni, na maua meupe ya petali saba yaliyojaa kila mahali. Wenzake walicheka. Walisema mtoto mdogo huona hata simba chini ya kitanda. Na sasa ua lenyewe lilikuwa hapa, limechipuka kutoka kwenye chupa ya mbegu isiyo na jina iliyosahaulika kwenye jokofu la kituo, na harufu yake ilikuwa inajaa banda zima, tamu, nzito kidogo, kama asmini iliyolala kwenye asali.

"Ni kahawa ya Baba," Leokadia alisema. Alitamani kucheza, na kwa kweli alicheza kidogo, kwa ule mguu wenye kiatu.

Gaudensia naye alicheka, kisha akatazama majani ya njano na kicheko kikampungua. Mizizi ya mti ule ilikuwa inaoza na dawa zote zilishindwa. Mti unaokaribia kufa hutoa maua mengi kwa mara ya mwisho, kila mkulima alijua hivyo. Maua ya kahawa nayo hukaa siku tatu tu. Leo ni meupe, kesho kutwa ni kahawia na yanapukutika. Baya zaidi, kahawa hii haikujizalisha yenyewe. Ilihitaji chavua ya mti mwingine wa ukoo wake, na katika Umatengo nzima, tangu joto lipande na amri ya kung'oa kahawa yote itolewe, hakuna aliyejua kama ukoo huo bado upo.

"Siku ile mvua ya kwanza iliponyesha tulimfungulia mti huu paa," Gaudensia alisema. "Amelowa mvua ile ile iliyolowesha milima. Kama ndugu zake wapo hai popote, basi wamechanua leo asubuhi kama yeye."

"Wapo. Baba aliificha mahali."

"Mahali wapi? Tumetafuta kwenye kilima chako cha vichwa viwili miaka miwili. Droni zinaona mikaratusi tu." Gaudensia aliuweka mswaki mfukoni. "Mpigie simu kaka yako. Wewe ulikuwa mtoto mdogo, yeye alikuwa na miaka tisa. Mbea akimsoma, saa sita hii tutakuwa na ramani."

Leokadia alijua kwamba neno hilo lingekuja. Moyo wake, uliokuwa unaruka kwa furaha, ulijikwaa.

*

Mashine ile ilikuwa na jina refu kwenye vyeti, lakini kituoni kila mtu aliiita Mbea, kwa sababu ilisema hata yale ambayo mwenyewe hukupanga kuyasema.

Wendelin Ndunguru alifika saa nne, amevaa suruali aliyoishona mwenyewe na kofia aliyoishona mwenyewe, maana alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na hakumwamini fundi mwingine duniani.

"Shikamoo kaka," Leokadia alisema.

"Marahaba. Kiatu kingine kiko wapi? Au ndiyo usomi wenyewe?"

"Shikamoo mzee," Gaudensia alisema akijizuia kucheka.

"Marahaba mama. Nimeambiwa kuna kitu cha kunusa. Naomba isiwe dawa."

Walimwingiza kwenye banda. Maua thelathini na mawili yalikuwa yamekwisha funguka. Wendelin alipiga hatua mbili ndani, akasimama, na mikono yake ikafanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitegemea: ilishika pindo la shati na kulipandisha hadi kifuani, kama mtu anayevuka mto. Alijitazama tumbo lililo wazi. Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka wakati huo huo.

"Pandisha nguo," alisema. "Alikuwa anatuambia hivyo. 'Pandisha nguo, usiyakung'ute maua. Ua moja ni buni mbili.' Mungu wangu. Sijalisema neno hili toka nikivaa kaptula."

"Unakumbuka njia?" Gaudensia aliuliza haraka.

"Njia..." Wendelin alishusha shati. Kitu kilipita usoni mwake na kuondoka. "Nilikuwa mtoto. Tulikatazwa kuitaja. Mtu akikatazwa kutaja kitu miaka hamsini, mama, nacho hukimbia."

"Basi Mbea atakikamata," Gaudensia alisema, na akaenda kuwasha mitambo.

Mbea ilikuwa kofia laini yenye nyaya kumi na mbili na kijibomba kilichopuliza harufu puani. Uzuri wa harufu, Leokadia alikuwa akiwaeleza wageni wa kituo, ni kwamba haibishi hodi. Sauti na picha hupita kwanza kwenye milango ya akili, zikaulizwa zinatoka wapi na zinataka nini. Harufu hupita uani, ikaingia moja kwa moja kwenye stoo ya zamani na kuamsha kilicholala. Kumbukumbu ikiamshwa hulainika kama unga uliokandwa, na kwa dakika chache inasomeka. Kisha hujifunga tena na kukauka. Hayo aliwaeleza wageni wote.

Hakuwaeleza kwamba unga laini hushika alama ya mkono unaouminya.

Alikaa nyuma ya kaka yake akimfunga nyaya moja moja. Shati lake lilinuka moshi wa kuni na sabuni ya mche. Wendelin alikuwa anaongea bila kupumua, kama mtoto anayepelekwa kwenye sherehe, akieleza atakavyowasimulia wajukuu kwamba kichwa chake kimefanya kazi ya Serikali. Leokadia alifunga waya wa tano. Akafunga wa sita. Aliwaza jinsi ambavyo tangu siku ile ya kusomwa aliikumbuka kahawa ya Baba kama mtu anavyokumbuka taarifa ya habari. Jua lipo. Kilima kipo. Maua yapo, na petali zake zinahesabika. Ila mtoto aliyekuwa anayatazama hakuwa yeye tena. Baba alifariki Leokadia akiwa na miaka mitano, na hiyo ndiyo kumbukumbu pekee aliyokuwa nayo ya kuwa pamoja naye. Aliipeleka kwa Mbea kwa mikono yake, na Mbea akamrudishia picha.

Alijiambia ilikuwa bahati mbaya yake peke yake. Akasoma wengine kumi na mmoja. Mmoja wao, Mzee Otmar, mchunga ng'ombe wa zamani, alirudi baada ya wiki, akakaa kwenye benchi la nje na kofia magotini, akasema, "Daktari, naiona siku ya harusi yangu vizuri sana. Lakini naiona kama ya jirani." Naye Leokadia akamjibu, "Ni uchovu, mzee. Itarudi."

Waya wa kumi na mbili ulikuwa mkononi mwake.

"Tayari?" Gaudensia aliuliza kutoka kwenye meza ya mitambo. Uso wake uling'aa. Alikuwa ameusubiri mti huu miaka sita.

"Tayari kabisa," Wendelin alisema.

"Bado," Leokadia alisema.

*

Alizungumza akiwa amesimama, waya ule bado mkononi, kwa sababu alijua akikaa angetafuta maneno ya kulainisha. La kuvunda halina ubani. Aliwaambia jinsi alivyosomwa na alichopoteza, na habari ya Mzee Otmar, na jibu alilompa.

Gaudensia alisimama taratibu. "Umejua kwa muda gani?"

"Mwenyewe, miaka mitatu. Kwa Mzee Otmar, mwaka na nusu."

"Na ukaendelea."

"Nikaendelea. Kila mara nilisema huyu wa mwisho, tukiupata mti nitasimamisha."

"Nikiandika hili kwenye taarifa, Leokadia, Mbea anafungwa leo. Na kama mti upo, hatutaupata."

"Andika."

Gaudensia alimtazama kwa hasira ya kweli, hasira ya mtu aliyedanganywa na rafiki. Halafu akatazama maua kupitia kioo, na sauti yake ikashuka. "Lakini kama mzee mwenyewe amesikia yote na anakubali..."

"Nakubali," Wendelin alisema. Alikuwa amekaa na kofia ya nyaya kichwani, mtulivu kuliko wote. "Sikilizeni. Mimi Baba ninaye mwingi. Ninaye akinipiga kwa kuangusha mtungi, ninaye akicheza ngoma, ninaye akikoroma. Huyu mdogo wangu alikuwa naye mmoja tu na akamtoa. Mimi nikishindwa kutoa mmoja kati ya mia nitakuwa bahili wa ajabu. Funga waya."

Ingekuwa rahisi. Kaka mkubwa ameridhia, shahidi yupo, mti unakufa, na nchi nzima ingepata kahawa inayovumilia joto. Leokadia aliitazama swichi. Hakuwahi kutaka kitu namna hiyo tangu azaliwe.

"Hujui Mbea atachukua yupi," alisema. "Nami nilidhani najua. Akiamsha wa shambani huenda akaamsha na anayecheza ngoma. Sitafunga, kaka." Akamvua kofia ile, akaiweka chini ya meza kabisa, mbali na mkono wake mwenyewe. "Nisimulie. Nusa halafu unisimulie kwa mdomo, kama watu."

Wendelin alichukua muda kunyoosha nywele zake chache zilizovurugwa na nyaya, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na utani.

"Nilikuwa nafurahi mashine itasema badala yangu," alisema. "Maana kuna jambo sikutaka litoke mdomoni mwangu."

"Jambo gani?"

"Wewe unasemaje kuhusu njia ile? Unaiona vipi?"

"Natembea kuelekea kilima cha vichwa viwili. Kipo mbele yangu. Jua linanipiga usoni, kwa hiyo ni asubuhi, naelekea mashariki. Maua yapo pande zote."

"Hukutembea," Wendelin alisema. "Ulikuwa na miaka mitatu na mguu mbovu uliochelewa kupona. Ulibebwa."

"Na nani? Mama alikuwa ameshafariki."

"Na Baba. Mgongoni, kwa mbeleko, kama mwanamke." Aliyasema maneno hayo akitazama sakafu. "Kijiji kizima kilimcheka. Walimwita Mama Leokadia. Mimi shuleni walinishonea wimbo. Siku moja nikamwambia Baba, mbele ya watu, aache kunitia aibu. Kesho yake alinipa kitenge akasema, 'Basi nifungie vizuri, fundo lisije likalegea watu wakacheka zaidi.' Toka siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nafunga fundo. Na sikukuambia maisha yangu yote, kwa sababu ningeanza na kubebwa ningemalizia na aibu yangu."

Leokadia alikaa. Hakujua acheke au alie, na furaha nyingine kabisa ilikuwa inapanda kifuani mwake, ile ya mtu wa sayansi anayeona kosa lake waziwazi.

"Fundo," alisema. "Ulifungaje? Nionyeshe."

Wendelin alisimama. Mikono ya fundi haikuhitaji kukumbuka. "Kitenge juu ya bega la kulia, chini ya kwapa la kushoto, fundo kifuani. Mtoto anainama upande huu, shavu la kulia mgongoni."

"Kwa hiyo anatazama wapi?"

"Kushoto. Atatazama wapi kwingine? Mtoto wa mgongoni haoni mbele, anaona ubavuni."

Gaudensia alikwisha kuwa kwenye skrini. Hasira ilikuwepo bado, lakini vidole vilikuwa vinakimbia. "Mbea hudhani macho yanatazama kule miguu iendako," alisema. "Leokadia, ile picha yako mara ya kwanza ilikuwa inateleza pembeni, tukaona ni hitilafu, tukainyoosha."

"Mlikuwa mnaninyoosha mimi," Leokadia alisema. "Kilima hakikuwa mbele. Kilikuwa kushoto kwa Baba. Kama mashariki ilikuwa kushoto kwake, alikuwa anakwenda kusini. Tumetafuta miaka miwili kwa kukosea robo ya duara. Soma orodha ya vilivyoondolewa."

Gaudensia aliisoma. Mbea huandika kila kitu, hata takataka zake. "Harufu za ziada: jasho, moshi wa kuni, sabuni ya mche. Mtikisiko wa picha. Mvumo mzito usiotambulika, mfupi, unaorudiarudia. Vyote vimeondolewa kama uchafu."

Uchafu ule wote ulikuwa mgongo wa Baba.

"Mvumo huo naujua," Wendelin alisema. "Alikuwa anahesabu. Kusini kwa nyumba ni mteremko mzima wa mashimo ya ngoro, yale ya kulimia, mraba kwa mraba, yote yanafanana. Alianza kwenye jiwe jeupe, akahesabu mashimo hadi mahali alipopandia. Alihesabu tumboni, mimi nisisikie. Mdomo wa mtoto wa miaka tisa ni kengele ya kanisa."

"Hadi ngapi?"

"Ndiyo nakuambia, sikusikia."

Leokadia alisimama, akavaa kiatu cha Gaudensia kilichokuwa chini ya meza, kikubwa kidogo. "Twende. Chavua haikai kwenye chupa zaidi ya saa chache, na hatujui tutatembea kiasi gani. Tutambeba bibi harusi mwenyewe, mti na ndoo yake."

"Nendeni," Gaudensia alisema bila kugeuka. "Mimi nina taarifa ya kuandika. Na majina kumi na moja."

"Nyumba zao nitakwenda mwenyewe. Naanza na ya Mzee Otmar."

"Nitakupeleka, nihakikishe umefika," Gaudensia alisema, na hapo ndipo Leokadia alipojua kwamba urafiki wao ungepona, ingawa si leo.

*

Saa nane mchana gari la mradi liliwaacha kwenye msingi wa nyumba ya zamani ya Baba, kijijini Lihutu. Jiwe jeupe lilikuwepo, limemezwa na magugu hadi shingoni. Wendelin alimgeuza dada yake, akamwekea mti mgongoni, ndoo na yote, akapitisha kitenge juu ya bega la kulia na chini ya kwapa la kushoto. Alikaza fundo, akalijaribu kwa vidole viwili.

"Halilegei," alisema. "Halikuwahi kulegea hata siku moja."

Waliingia kwenye mikaratusi. Chini ya majani makavu mashimo ya ngoro yalikuwepo bado, maana mababu waliyachimba ili yadumu. Miguu iliyahisi hata macho yasipoyaona: unashuka, unapanda tuta, unashuka. Wendelin alitangulia na panga. Mamia ya mashimo, na yalitanda kushoto na kulia. Walijaribu kufuata pua, lakini mikaratusi ilitoa harufu yake kali ya dawa ya kifua, ikafunika kila kitu. Saa moja ikapita. Mgongoni kwa Leokadia petali mbili zilikuwa zimekwisha pata ukingo wa kahawia.

"Tukipita shimo lenyewe hatutajua," Wendelin alisema, akihema. "Linaweza kuwa hatua ishirini kulia na tusilione."

"Endelea kukata. Nipo nyuma yako."

Alisogea karibu zaidi, kwa sababu njia ilibana. Shati la kaka yake lilikuwa limelowa chapachapa. Jasho, moshi wa kuni, sabuni ya mche. Shingoni mwa Leokadia maua ya Baba yalitikisika kwa kila hatua na kumwaga utamu wao. Mwili ulishuka shimoni, ukapanda tuta, ukashuka. Leokadia hakuwaza lolote. Aliinamisha kichwa na kuweka shavu la kulia kwenye mgongo wa kaka yake, na Wendelin akasimama, asijue kuna nini.

Kumbukumbu haikuja kama picha. Ilikuja kama joto. Mgongo mpana unaopanda na kushuka, kamba ya kitenge chini ya kwapa, mguu mbovu unaoning'inia bila maumivu, na ndani ya mgongo, kwenye mfupa, sauti nene iliyokuwa inazungumza na sikio lake tu. Mtoto yule hakujua hesabu. Alijua tu namna sauti ilivyoishia kila siku, pale ilipoacha kunong'ona na kucheka kidogo.

"Themanini na nne," Leokadia alisema. Machozi yalikuwa yanaingia mdomoni na hakuyafuta. "Alikuwa anasema, 'Themanini na nne. Tumefika, mama.' Alikuwa ananiita mama, kaka. Kumbe aliniita mama."

Wendelin alimshika mkono, wakarudi mbio hadi jiwe jeupe, wazee wawili na mti mmoja, wakaanza upya, kusini moja kwa moja, wakihesabu kwa sauti bila kumficha mtu. Walipopishana hesabu kwenye arobaini na saba walirudi tena. Kwenye sitini mikaratusi ilianza kupungua. Kwenye sabini na tisa Leokadia alisimama.

"Unanusa?"

"Nanusa huo ulioubeba."

"Huu uko nyuma yangu. Hii inatoka mbele."

Themanini. Themanini na moja. Walikuwa wanakimbia sasa, kama inavyowezekana kukimbia kwa miguu ya umri ule na kiatu cha kuazima. Themanini na tatu lilikuwa shimo lililojaa maji ya mvua. Nyuma ya tuta lake visiki sita vya kahawa, vilivyokatwa na watu waliodhani wamevimaliza, vilikuwa vimechipua matawi marefu kuzunguka shimo la themanini na nne, na kila tawi lilikuwa jeupe kuanzia shina hadi ncha, na nyuki walikuwa wamefika kabla yao.

Wendelin alishika pindo la shati lake na kulipandisha hadi kifuani. Kisha akaingia kwa mguu mmoja mmoja, taratibu, bila kukung'uta hata ua moja.

Leokadia alibaki kwenye tuta. Fundo lilikuwa limekaza vilevile. Alinyoosha mkono nyuma, akaligusa shina dogo lililoegemea bega lake, akasubiri pumzi imrudie ili alitamke neno zima.

"Themanini na nne," aliuambia mti. "Tumefika, mama."